Kishale Juu ya Jina la Mpishi

Kompyuta tuliinunua kwa malipo ya pili ya korosho,
kwa mwalimu aliyehamia Nachingwea.
Betri imekufa, herufi R imeng'oka,
na ndani yake, kama noti iliyosahauliwa kwenye koti la mtumba,
tukakuta gemu: jumba la vyumba thelathini na kimoja,
mvua isiyokatika,
saa ya dhahabu iliyoibwa.

Newala, Juni. Ukungu umepanda kutoka bondeni
umekaa barazani bila kupiga hodi.
Watano tumejifunika mashuka mawili,
sinia la ming'oko katikati, chumvi, pilipili.
Kipanya kimoja, mikono mitano.
Sheria ya Chilumba: mwenye chumvi vidoleni asikiguse.
Yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kuivunja.

Rukia anasoma Kiingereza, anatutafsiria,
nami namjua mwanangu:
neno asilolijua hulibuni, kwa sauti kubwa zaidi.
Siku tatu tulimsaka "mjomba wa bustani",
kumbe ni mtunza bustani tu, hana undugu na mtu.

Kiingereza changu kinaishia kwenye mfuko wa salfa.
Lakini miaka kumi na mmoja nimesimama penye mzani
wa chama cha msingi,
naujua uso wa mtu aliyelowesha korosho ziongeze uzito.
Nikasema: huyo mwenye kola nyeupe anadai ametoka nje sasa hivi,
mbona viatu vyake vikavu?
Kimya.
Kisha kelele, kama goli la dakika ya tisini.
Hemedi akaandika, chini ya hesabu zake za shule:
Mama, dalili moja. Baba, sifuri.

Baba hushuku kila mwenye masharubu.
Huyu ni mtu aliyerudi kutoka bandarini Mtwara bila kazi,
mwezi mzima akila huku anautazama ukuta.
Usiku ule akainua kidole:
"Rudini maktaba. Droo ya pili. Kuna kitu hatujakiona."
Hatujakiona, alisema.
Hakusema sijakiona, wala hamjakiona.
Nikamenya ming'oko nisionekane uso.

Usiku wa tisa ushahidi ukatimia:
unga kwenye mnyororo wa saa,
barua iliyoungua nusu, daktari anadai fedha zake,
kitanda kidogo nyuma ya jiko.
Mpishi.
Kishale kimetua juu ya jina lake, kinapepesa.
"Bonyeza!" wakasema watatu.
Zamu ilikuwa ya Somoe, ana miaka sita.
Akauondoa mkono.
"Akifungwa, yule mtoto anayekohoa atapikiwa na nani?"

Rukia: hili ni gemu tu.
Hemedi: mwizi ni mwizi.
Tukatafuta kitufe cha kusamehe,
pembe zote nne za kioo, chini kabisa, juu kabisa.
Hakuna.
Waliolitengeneza walifikiria mapazia, panya wa darini,
hata vumbi juu ya kinanda.
Hilo halikuwajia.

Mimi nikakumbuka gunia moja, msimu wa mwaka juzi,
bichi kwa maji, na mikono ya yule mama ikitetemeka.
Nililipokea. Nikaandika kavu.
Hakuna daftari la Hemedi lenye habari hiyo.

Mara kioo kikafa.
Jumba, mvua, mpishi, vyote gizani,
maana taa tulishaizima ili mvua ionekane vizuri.
"TANESCO hao," akasema Chilumba, haraka mno.
Somoe akacheka, akamwegemea.

Hemedi amewasha tochi ya simu.
Amechungulia dirishani: kwa Namkuna taa inawaka.
Amemulika soketi, amemulika waya sakafuni,
amefungua ukurasa mpya.
Mshukiwa wa kwanza anatafuna taratibu,
na kwenye plagi, nimeiona kabla yao nikaifuta kwa kanga,
kuna chumvi.